Sentensi Kumi Nyuma ya Daftari la Maji

Mke wangu Akoth amenishauri nianze kwa kukiri kwamba kosa lilikuwa langu peke yangu, wala si la afisa wa maji. Sawa. Lilikuwa langu, na hata sasa nikilikumbuka masikio yanapata moto.

Mimi ni fundi wa baiskeli hapa Rusinga. Shule niliiacha darasa la saba, na Kiingereza nilichonacho nimejifundisha kutoka kitabu cha sarufi nilichokipata Mbita kikiwa hakina jalada. Mwaka huu nilifika sura ya kumi na nne, inayoeleza jinsi must, may, should na could zinavyopangwa pamoja na vielezi katika sentensi ambazo mtu au kitu kinatendewa jambo. Sura hiyo niliipenda mno, kwa sababu ni kama ekseli ya gurudumu: koni, gololi, washa, nati, kila kimoja na mahali pake, na ukikosea mpangilio gurudumu linakwama. Must, halafu have, halafu been, halafu carelessly, halafu lost. Nilikuwa naikariri huku nikikaza spoku.

Kujifunza kwangu kuna utaratibu. Kila sura naandika sentensi kumi zangu mwenyewe, nazipa namba, na ndani yake naweka watu ninaowafahamu, maana sentensi za watu wa kitabuni zinanitoka kichwani kabla sijamaliza kuziba pancha moja, lakini ya jirani haitoki. Huo ndio uamuzi mdogo ulioniponza. Mwingine (mdogo zaidi) ni kwamba daftari langu lilipojaa niligeuza lile la kamati ya maji, ambayo mimi ni katibu wake, nikaanza kuandika kutoka nyuma. Na kwa kuwa napenda vitu nadhifu, nilikuwa nimelifunika kwa karatasi ya kaki pande zote mbili bila kuandika chochote juu, kwa hiyo mbele na nyuma zilifanana kama mapacha.

Pampu yetu ilikuwa imekufa tangu kiangazi kilichopita. Akina mama walikuwa wakichota ziwani, watoto wanapata kichocho, na hatimaye afisa akaja kutoka Homa Bay na barua ya kutupa pampu mpya na bomba, kwa sharti moja: watia sahihi watatu wa kamati wakubali siku hiyo hiyo, mbele ya wanakijiji, na aone kwamba kamati inaelewana. Watatu hao walikuwa mwenyekiti wetu Jaduong' (yaani Mzee) Ouma, mimi, na Mama Awino, mjane anayetunza ufunguo wa kioski cha maji, ambaye hajawahi kuupoteza hata siku moja.

Afisa alikuwa binti wa upande wa Isebania, Dholuo hajui, kwa hiyo mkutano ulikuwa wa Kiswahili. Akaomba daftari la mikutano. Nikampa kwa mikono miwili, kwa heshima zote, na akalifungua kwa nyuma.

Alisoma kwa sauti, akitafsiri ili kila mtu asikie. “Kumi na nne, mkwaju, moja. The key must have been carelessly lost by Mama Awino. Yaani, lazima Mama Awino alipoteza ufunguo kwa uzembe.”

Nilinyoosha mkono kulichukua daftari, lakini binti wa watu (kwa namba zangu nadhifu aliamini kabisa ni maazimio ya mkutano wa kumi na nne) akaendelea. “Kumi na nne, mkwaju, mbili. The chairman should quietly be replaced. Mwenyekiti abadilishwe kimyakimya.”

“Nani?” Jaduong' Ouma akasimama na fimbo yake.

“Ni mazoezi, Jaduong'!” nikasema. “Ni sentensi tu! Najifunza!”

“Unajifunzia cheo changu? Mimi ni ubao?”

Mama Awino hakupiga kelele. Aliufungua ufunguo kutoka pindo la leso, akauweka mezani mbele yangu, akasema taratibu, “Chukua, fundi. Usije ukapotea.” Kisha akaondoka kuelekea ziwani na mtungi wake.

Afisa alifunga kalamu yake. “Katibu, kamati ya namna hii siwezi kuiandikia kwamba inaelewana.”

Nikaona pampu inaondoka na gari lake. Nilimwambia, “Madam, tafadhali, soma ya tisa.” Sikuwa na ushahidi mwingine kwamba ni mazoezi. Na ya tisa (Mungu anisamehe) ilikuwa hii: The secretary may never be fully understood by his wife. Afisa akatafsiri polepole, kwamba huenda katibu asieleweke kamwe kikamilifu na mke wake, akaniangalia, akauliza, “Na hili pia kamati ilipitisha?”

Akoth akajibu kutoka katikati ya wanawake, “Hiyo tulipitisha nyumbani!”

Watu walicheka mpaka Jaduong' Ouma akakaa chini. Mama Awino, aliyekuwa amefika kwenye ua wa ojuok (minyaa), akasikia kicheko, akarudi kuuliza ni nani anachekwa. Akaambiwa ni mimi. Akaridhika kidogo.

“Basi yangu uigeuze,” akasema. “Simama, uiseme kwa hicho Kizungu chako.”

Nikasimama, nikapanga gololi zangu moja moja: “The key can always be safely found with Mama Awino.” Yaani, ufunguo siku zote hupatikana salama kwa Mama Awino.

“Tena.”

Nilisema mara tatu. Akamuuliza afisa, “Amesema kweli, ama ananipaka mafuta?” Afisa akasema nimesema kweli na nimepanga vizuri. Mama Awino akachukua ufunguo wake, akaufunga kwenye leso, lakini afisa alipofungua tena kalamu na kumpa, akaikataa. “Kwanza anisomee barua yote. Nimeweka sahihi karatasi nyingi za Kizungu bila kujua zinasema nini. Pengine na huko nimepoteza vitu.”

Nikasoma mstari kwa mstari nikimtafsiria, na ile barua ilikuwa sura ya kumi na nne tupu: pampu itunzwe ipasavyo na kamati, maji huenda yakakatwa kwa muda. Hakuna mstari ulionishinda. Mama Awino alitia sahihi wa mwisho.

Mtaro wa bomba sasa umefika uzio wa kanisa. Nimeapa kwamba jina la jirani halitaingia tena kwenye mazoezi yangu, naandika habari za kuku wangu tu, katika daftari lao wenyewe lenye maandishi makubwa mbele. Kila Alhamisi Mama Awino huja kibandani kwangu kujifunza. Wiki iliyopita aliandika sentensi yake ya kwanza bila msaada: The secretary may possibly be forgiven, yaani huenda pengine katibu akasamehewa.

Nikamuuliza kwa nini may, tena na possibly juu yake.

“Must utaipata,” akasema, “siku nikifungua bomba maji yakatoka.”