Dorika Alipima Mzee, Hakupima Nyumba

Saa moja asubuhi Dorika Naftali anafunga kamba kati ya nguzo mbili za wodi ya wanaume, usawa wa kifua chake. Wagonjwa wanaanza kunung'unika. Kamba hiyo wanaijua: ndicho kimo cha mlango wa tembe, nyumba ya udongo ya huku kwao.

"Pita chini, baba. Usishike ukuta."

"Mwanangu, mimi nilivunjika nyonga. Sikuja hapa kucheza ngoma."

Mhudumu huyu wa hospitali moja ya misheni mkoani Singida ana miaka kumi na mmoja kazini. Mgonjwa akiweza kujiosha, kuvaa, kwenda chooni, kumega ugali na kupita chini ya kamba, Dorika husema: huyu nyumbani. Akishindwa, kambi ya wazee wasiojiweza. Mwaka jana, 1973, alitabiri wagonjwa arobaini na wawili, akakosea watatu tu. Wenzake humwita mpiga ramli mwenye sare.

Mwezi uliopita ikafika zamu ya Mzee Alute, aliyepooza upande mmoja na kukaa wodini miezi minne. Alifaulu vipimo vyote. Dorika akapanda naye Landrova kumsindikiza kwao.

Kwao hapakuwa na nyumba. Paa lilikuwa limeshushwa, zizi tupu, mbwa mmoja kalala palipokuwa jikoni. Watu wote walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, maili tisa mbele.

"Mzee nilimpima," anasema Dorika. "Nyumba sikuipima."

Huko kijijini walimkuta mke wa mzee, Selina, kwenye kibanda cha nyasi. Mlango wake ulifika magotini.

"Shikamoo, mama. Ataingiaje humu?"

"Marahaba. Kwa kutambaa, kama sisi wengine. Au unataka kumrudisha?"

"Kambini siendi," Mzee Alute akadakia. "Nifundishe kutambaa."

Dorika alibaki siku mbili, kapiga magoti vumbini na sare yake nyeupe, kijiji kizima kikitazama. Mwanzoni walicheka. Siku ya pili mzee akaingia kinyumenyume, miguu kwanza, na kutoka ndani wakamsikia akidai uji.

Sasa Dorika anataka aone anakokwenda mgonjwa kabla ya kumruhusu. Daktari amemwambia petroli hakuna.

"Basi wanipe baiskeli," anasema. "Nina watu saba humu wodini wanaosubiri kurudi nyumbani, na sijui hata mmoja kwao pako wapi siku hizi."