Farasi Niliyemnyima Majani

Sikuwa nimelewa siku ile, wala sikuwa na homa. Naanza na hayo kwa sababu ndiyo ninayoulizwa kwanza. Niliyoyaona niliyaona kwa macho yangu, jua likiwa bado halijazama, katika klabu ya farasi pembeni mwa Lubumbashi, miaka ile tulipokuwa tukiitana citoyen, yaani raia, badala ya bwana.

Kazi yangu ilikuwa kutunza malisho. Tulikuwa na viwanja vitatu. Farasi walikula mpaka majani yabaki kimo cha ngumi, kisha niliwahamisha. Kiwanja kimoja kilipumzika mpaka majani yatoe mbegu na mbegu zianguke zenyewe. Humo kwale walitaga, na maua ambayo kwingine yalikanyagwa yakaisha yalirudi. Mwaka ule nilikuwa nimemwekea kiwanja hicho Reine, jike mweusi aliyekuwa na mimba. Nilimpenda mnyama yule kuliko inavyofaa kusema.

Sefu, mtunza zizi, mtu wa familia za Waislamu wa Maniema, alinicheka kila siku.

"Papa, ile majani utaikula weye? Fungua, bafarasi bakule!"

"Iko ya Reine," nilimjibu.

Jioni hiyo mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Sefu alikwenda kutawadha. Nikamwona mtu langoni, ameshika kamba ya farasi mweupe, mbavu zimetokeza. Sasa fikiri nami: farasi wa mji wetu walikuwa wachache, tukiwajua wote kwa majina. Huyu alitoka wapi? Lukafu? Kilwa, ile ya huku kwetu, si ya pwani? Sijapata kusikia farasi huko. Ningemwuliza. Sikumwuliza.

"Jambo, papa," alisema. "Farasi yangu iko na njala. Unifungulie kule."

Alionyesha majani ya Reine.

"Kule kumefungwa mpaka mbegu ianguke."

"Usiku moja tu, papa."

"Hapana. Nikikufungulia weye, kesho kila muntu atakuja na yake."

Kila mtu yupi, mwenye farasi? Hata yeye alicheka kidogo.

"Basi tukule wapi?"

Nikamwonyesha kiwanja kilichochoka, kando ya uzio, palipoota maua ya manjano. Farasi aliyeshiba hayagusi maua yale. Mwenye njala huyala, na tumbo likamwua. Nilikuwa nimepanga kuyang'oa, sikuyang'oa. Nilijiambia mnyama ana akili yake, atayaacha. Lakini mbavu zile nilikuwa nimeziona. Niamini, nilijua.

"Aksanti, papa," alisema, bila kinyongo chochote.

Farasi akainamisha kichwa, akaanza kula. Sikusikia meno yake. Niligeuka kumwita Sefu aje aone. Nilipotazama tena, hapakuwa na mtu wala mnyama.

"Ulikuwa unasema na nani, papa?" Sefu aliuliza, uso bado umelowa maji.

Tukaenda kwenye kile kiwanja kilichochoka. Matope yalikuwa laini, yangeshika hata mguu wa kuku, lakini hayakuwa na alama ya kwato. Na maua ya manjano yalikuwa yameliwa yote, hadi kwenye udongo.

Hapo tukasikia Reine akipiga mateke zizini. Mlango ulikuwa umefungwa, ufunguo uko mfukoni mwangu. Tulimkuta amelala chini, jasho linamtoka, mdomo umejaa maua ya manjano.

"Ya Allah! Papa, nani amemupa hii?"

Nilimtuma mbio akamwite daktari.

Daktari wa wanyama alikesha naye. Reine alipona. Mtoto alitoka amekufa, mweupe mwili mzima, ingawa baba yake pia alikuwa mweusi. Nilimzika mwenyewe.

Asubuhi nikafungua kiwanja kilichopumzika, mbegu zikiwa bado juu ya mashina. Farasi wengine waliingia mbio. Reine alisimama langoni, hakuingia. Na tangu siku ile hakula tena kitu kutoka mkononi mwangu. Kutoka kwa Sefu alikula. Sefu naye hakunicheka tena, nami natamani angenicheka.

Wewe unayefuga, pumzisha malisho yako, na ung'oe mapema kila mmea unaoua. Hayo ni sahihi, na hata leo ningeyafanya. Lakini mwenye njala akifika langoni pako, usimwonyeshe mahali ambapo usingempeleka mnyama wako mwenyewe.