Burgi na Kadi ya Alfons

Katika maisha yangu ya kuongoza watalii nimefanya kazi na madereva kumi na tisa, na kumi na wanane kati yao naweza kuwasahau leo bila hasara yoyote. Aliyebaki ni Notburga Gschwentner, ambaye sisi wa Innsbruck tunamwita Burgi. Kama wewe ni mtu wa kusema "mwanamke mkaidi gani huyo," sema sasa umalize, tuendelee.

Alizaliwa bonde la Ziller, nyumba ya ng'ombe kumi na mmoja na watoto sita, na kabla ya kutimiza miaka ishirini alikuwa anateremsha lori la maziwa milimani. Siku alipokwenda kutahiniwa leseni ya basi, mkaguzi alimuuliza kama amekuja kufagia. Burgi alifanya mtihani wote bila kosa, kisha akaliegesha basi ubavuni mwa gari jipya la mkaguzi, karibu mno, hata bwana yule akalazimika kuingilia mlango wa abiria na kujikokota hadi kwenye usukani. Leseni alipewa. Wala hakusema asante.

Tangu hapo amepeleka watu Vienna, Praha, Venisi, Florensi, na juu ya kila mlima wenye lami. Mashati yake hupiga pasi mwenyewe. Hotuba hapigi, hiyo kazi yangu. Katikati ya basi kuna jiko dogo la kuchemshia, na kwetu soseji zinazochemshwa kwenye vituo ni biashara ya dereva mwenyewe. Za Burgi huja jozi, na kipande cha mkate na haradali inayotoa machozi. Siku moja profesa mmoja alilalamika kwamba soseji ni baridi. Alikula biskuti mpaka Salzburg.

Sasa Alfons. Kila dereva wa basi ana kadi yake, yenye picha na jina, anayoichomeka kwenye mashine iliyo juu ya usukani. Mashine inahesabu kila dakika anayoendesha. Saa tisa kwa siku, basi. Mara mbili kwa wiki unaruhusiwa kumi. Ukimaliza, unasimama na kulala, hata kama uko mbele ya lango la hoteli. Lakini tajiri wetu, Bwana Lettenbichler, alikuwa na shemeji anayeitwa Alfons, mtu wa goti bovu ambaye hajagusa usukani kwa miaka mingi, na kadi ya Alfons ilikuwa hai bado. Ilizunguka kwenye mabasi yetu, ikalala droo ya dereva chini ya pakiti za sukari. Saa zako zikiisha, unatoa yako, unachomeka ya Alfons, unaendelea. Ikawa mzaha wetu. Tukikutana na wenzetu Venisi tunaulizana, "Alfons hajambo?" "Amechoka maskini, jana ameendesha hadi Budapest." Nami nilicheka. Nilicheka miaka kumi na mmoja, na leo nikikumbuka naona aibu.

Mwezi Mei mwaka jana tulikuwa na safari ya siku nane, watu arobaini na mmoja, wote wanakwaya wazee wa parokia moja ya Allgäu. Siku ya saba ilikuwa kutoka Florensi, kupanda Dolomiti kupitia njia ya Pordoi, kuteremka Bolzano, na jioni kuingia Innsbruck. Ratiba hiyo iliandikwa na Lettenbichler akiwa amekaa kwenye kiti kinachozunguka. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Bondeni mawe yalikuwa yameporomoka barabarani, tukazungushwa njia ndefu, na tulipofika juu kabisa mlimani, saa tisa na nusu alasiri, mashine ikaanza kulia. Saa tisa za kuendesha zimetimia. Zile saa za nyongeza Burgi alishazimaliza Jumatatu na Jumatano.

Akaliingiza basi kwenye maegesho ya nyumba ya wageni, akavuta breki, akatoa kadi yake na kuitia mfukoni mwa shati.

"Burgi," nikamwambia kwa sauti ya chini, "bado mwendo wa saa mbili na nusu."

"Najua kuhesabu, Korbi."

"Sasa mwite basi Alfons."

"Alfons yuko nyumbani kwake anatazama mpira."

Nikadhani ananitania. Nilipoona anavua viatu vya kuendeshea na kuvaa kandambili, nikajua hatanii. Ilikuwa imebaki miezi ishirini tu afikie pensheni yake kamili, na Lettenbichler aliwahi kumfukuza mtu kwa kuchelewa robo saa. Yeye alilijua hilo kuliko mimi.

Nyuma wakaanza kulalamika. Kwanza mmoja, kisha kwaya nzima, na hao watu wana mapafu. Mkali kuliko wote alikuwa Mzee Wendelin Rist, mtengeneza jibini mstaafu wa miaka themanini na mmoja. Mjukuu wake wa kike alikuwa anapiga fidla Innsbruck jioni ile, saa mbili, peke yake mbele ya okestra, mara ya kwanza maishani. Mzee alitunza tiketi hiyo tangu Krismasi.

"We mama!" akapaza sauti, amesimama katikati ya viti. "Basi limeharibika?"

"Basi zima, mzee wangu. Mimi ndiye nimekwisha."

"Umekwisha nini, na umekaa tu tangu asubuhi! Mimi nilikuwa naamka saa tisa za usiku miaka hamsini!"

"Na ulikuwa unaamsha jibini, mzee. Jibini likikosea kona hafi mtu."

Watu wakacheka, naye akazidi kuwaka. Simu yangu ikalia. Ni Lettenbichler, kuna mtu alishampigia. Burgi akaninyang'anya simu, akawasha kipaza sauti cha basi, akaviweka pamoja kama anayekutanisha wachumba.

"Burgi, acha mchezo," sauti ya tajiri ikajaa basi zima. "Alfons yuko kwenye droo. Mchomeke, uondoke."

"Rudia, bosi, mtandao wa huku mlimani mbaya."

"Nasema chomeka kadi ya Alfons! Hao wazee wanajua nini? Usipokuwa hapa saa kumi na mbili na nusu, funguo zangu unaziacha na kazi huna. Umesikia?"

"Nimesikia. Na hawa wazee arobaini na mmoja wamesikia."

Simu ikakatwa. Mwanakwaya mmoja akauliza, kwa upole wa mtu aliyeanza kuogopa, huyo Alfons ni nani.

Burgi akafungua droo akaitoa kadi, akakaa kwenye ngazi ya mbele nayo mapajani, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. Miaka kumi na mmoja sijawahi kumsikia akikitumia.

"Alfons ni kadi," akasema. "Nikichoka, naiweka hii, na mashine inaamini kuna mtu mwingine. Miaka tisa iliyopita niliiweka. Tulikuwa tunateremka Brenner, mchana kweupe, nina watoto thelathini na wanane wa bendi ya shule. Wote wamelala. Mimi pia. Nilikuwa macho wazi, na nimelala. Nilichosikia ni gurudumu linanguruma kwenye ule mstari wa matuta wa pembeni mwa barabara. Chuma cha ukingo kilikuwa kimefika kwenye kioo changu. Ng'ambo yake ni hewa tu. Nikakata usukani. Hakuna mtoto aliyeamka. Tulipofika wakanishukuru, wakashuka na tarumbeta zao, wakaenda kwa mama zao. Sijamwambia mtu. Sasa nimewaambia ninyi. Kutoka hapa kwenda chini kuna kona ishirini na saba, na mimi leo sina saa nyingine, na Alfons hana macho. Mnaweza kunitukana mpaka mchoke. Sichomeki."

Mimi nilikuwa kwenye safari ile. Nilikuwa kiti cha mbele, pale pale karibu naye, nimelala fofofo. Tulipofika nilimpiga begani nikamwambia ameendesha kama amebeba mayai. Akaenda nyuma ya basi akatapika, nami nikajiaminisha ni supu ya samaki tuliyokula hotelini mchana, na kwa miaka tisa nzima, kila tukipita hoteli ile, nilimuuliza mbele ya watu kama ataagiza samaki. Kumbe mwenzangu alikuwa anabeba kitu kile, na mimi namtania nacho. Sikuweza kumtazama.

Hakuna aliyepiga makofi. Tusidanganyane. Wengine walishuka wakinung'unika, wengine walipiga simu kwa watoto wao. Mzee Wendelin alibaki kwenye kiti chake, tiketi mkononi. Nilimtafutia gari la kukodi. La karibu lilikuwa Bolzano, lisingewahi. Basi la abiria la mchana lilishapita. Mwishowe Burgi akamletea jozi ya soseji kwenye sahani ya karatasi, akaiweka kitini kando yake.

"Sili," akasema mzee.

"Usile. Ila hazirudi jikoni."

Baadaye niliona sahani iko tupu. Nyumba ya wageni ilikuwa na vitanda ishirini na sita, tukabanana, na Burgi akapewa chumba cha peke yake kwa sababu wanawake wa kwaya walisema hivyo na wakasimama mlangoni.

Asubuhi alichomeka kadi yake, akateremka kona zote ishirini na saba, na saa tano tuliingia kituoni Innsbruck. Lettenbichler alikuwa anatusubiri, amevaa koti la Jumapili. Pembeni yake walisimama watu hamsini wa safari inayofuata, masanduku yamepangwa tayari. Alimkimbilia Mzee Wendelin kwanza.

"Mzee wangu, pole sana kwa uliyotendewa na dereva huyu. Pesa ya tiketi nakurudishia."

"Nimekasirika," Wendelin akasema, kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. "Mjukuu wangu alilia kwenye simu, na nimekasirika na huyu mama mpaka sasa hivi. Lakini nimekasirika nikiwa mzima. Wewe ungenituma kwa mjukuu wangu ndani ya jeneza. Kaa na pesa yako."

Akaondoka na mkongojo wake bila kumuaga yeyote, Burgi akiwemo.

Lettenbichler akageuka, uso umemwiva, akanyoosha mkono mtupu mbele ya Burgi. "Funguo."

Burgi akaingiza mkono mfukoni, akamwekea kiganjani kadi ya Alfons. Kisha akapanda basini, akachomeka funguo mahali pake, akashuka na jiko lake la soseji kwapani.

"Dereva wako huyo hapo," akamwambia. "Mwambie apande, wageni wanasubiri."

Akavuka barabara kuelekea kituo cha tramu, wala hakugeuka. Watu hamsini wakamtazama, kisha wakamtazama tajiri na kile kipande cha plastiki mkononi. Lettenbichler akanisogelea, akanishika mkono, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaniita ndugu yangu.

"Korbi, ndugu yangu, wewe ulipata leseni ya basi jeshini. Unayo bado, sivyo?"

"Leseni ninayo, bosi," nikamjibu. "Na usingizi pia ninao."