Fundi Aliyeifundisha Mashine Kubipu

Asubuhi, kabla hajafungua dirisha la karakana, fundi anatazama simu yake. Inaita mara moja, inakatika. Anatabasamu. "Mama mzima," anasema, anashika bisibisi.

Mezani ipo mashine ya kuwapa joto watoto njiti. Ndani, badala ya mtoto, imelazwa chupa ya maji. Leo mkuu wa wodi ya watoto hospitalini anakuja kuijaribu tena. Akiikataa itarudi stoo, na watoto wataendelea kubanana wawili wawili kitanda kimoja.

Mashine ina prosesa mbili, bongo zake ndogo. Moja inapima joto, nyingine inaendesha hita na king'ora. Mwanzoni ya kwanza ilikuwa na mdomo kama cherehani: ilituma kila kipimo, hata kisichobadilika, mpaka mwenzake akaelemewa na king'ora kikawa kinachelewa.

Fundi akaiamuru iseme pakiwa na jipya tu. Mambo yakawa mepesi, naye akavimba kichwa kidogo. Kisha, siku ya jaribio la kwanza, mbele ya mkuu wa wodi, waya unaoziunganisha prosesa ukachomoka. Prosesa ya pili ikaona kimya, ikadhani mambo shwari, ikaendelea kupasha. Chupa ikawa haishikiki kwa moto.

"Na angekuwa mtoto?" aliuliza mkuu huyo, mama asiyemung'unya maneno.

"Nilikosa pa kuuweka uso," anakumbuka fundi. "Nilifika nyumbani nikalia."

Kesho yake simu ikaita mara moja, kama kawaida, naye akabaki ameitumbulia macho. Mama yake anaishi peke yake. Kila asubuhi humbipu tu, na hupiga simu ya kuongea kukiwa na habari tu. Mwaka jana kuna siku hakubipu. Fundi aliacha kila kitu akakimbia, akamkuta ameteleza bafuni, hawezi kuinuka.

"Kimya chake ndicho kilichoniita," anasema. "Nikajiambia, mjinga mimi, mashine yangu haibipu!"

Sasa inabipu. Prosesa ya kwanza hutuma "nipo" fupi kila baada ya muda mfupi, hata kama hakuna kipimo kipya. Mwenzake asipoisikia, anazima hita na kupiga king'ora.

Mkuu wa wodi anaingia na kuuchomoa waya mwenyewe. King'ora kinalia papo hapo. Anaurudisha, anauchomoa tena. Kinalia. Anaitoa chupa, anafuta kigodoro kwa kiganja.

"Ilete leo, mwanangu. Kuna mmoja anaingoja."

Ni kazi ya kuvuliwa kofia, ingawa mwenyewe anawaza mashine nyingine. "Nataka nitengeneze mbili zaidi, kila mtoto alale kwa nafasi."

Anampigia mama yake.

"Kuna nini?" sauti inashtuka.

"Kuna habari, Mama. Kaa kwanza."