Ngeu Juu ya Sufu

Winifred Mawson, binti Jonathan Rigg, mjukuu wa Isaac Rigg wa Skelgarth. Isaac ndiye yule aliyewafukua kondoo kwenye theluji kuu kwa koleo la makaa la mkewe mpaka kucha zikamtoka. Jonathan ndiye aliyekataa kuuza haki yake ya kulisha mlimani hata tajiri wa mjini alipomletea gari jipya mlangoni. Gari lilirudi lilikotoka, kuku wakiwa wameshalinyea. Na Winifred mwenyewe, mwaka wa ugonjwa wa miguu na midomo, serikali ilipochinja na kuchoma makundi ya bondeni, alibaki na majike wachache waliokuwa juu. Kwa majike hao akalijaza upya kundi lake, akisimama nao mlimani kwa mvua na upepo mpaka wakapajua pao. Tena ndiye mwanamke wa kwanza katika bonde la Wythdale kuitwa mwamuzi wa kondoo kwenye mkutano wa wachungaji wa vuli. Nayataja haya mapema ili mtu asije akadhani ninayemsimulia alikuwa mjinga.

Mlima wetu hauna uzio. Kondoo wa Skelgarth wanakula upande wao na kondoo wa Dargue wanakula upande wao, na kati yao hakuna kitu ila kijito na upepo. Kinachowashika ni mama zao. Jike humwonyesha mwanawe mahali pa kujikinga na theluji, mahali penye majani ya kwanza, na mahali pa kugeukia nyuma. Naye atamwonyesha wake. Ukiondoa majike wanaojua, umebaki na mlima mtupu na wanyama wanaotangatanga kama watu waliopotezana sokoni.

Mwaka ule nchi yetu ilipopiga kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya, Winifred alikuwa na miaka sabini na sauti ya kengele. Aliweka ubao mkubwa langoni wenye neno la kujitoa. Jioni ya mkutano wa wachungaji wa masika, watu wakiwa bado wanakula viazi vilivyopikwa na nyama ya kondoo, alisimama akasema, "Mnaogopa nini? Wameahidi kwamba malipo tunayopewa na Ulaya tutaendelea kupewa, na ya juu yake. Tutajitawala. Babu yangu hakufukua kondoo ili mtu wa mbali aje kuwahesabia miguu!"

Watu walipiga meza. Wilf Dargue, jirani yake, mzee wa maneno, alisema, "Winnie akisema kondoo ni mzima, mimi simfungui mdomo kutazama meno." Na wengi wa bonde walipiga kura hivyo, kwa sababu mkono wa Winifred ulikuwa haujawahi kuwakosea.

Mwanawe Edwin hakupiga meza. Edwin alikuwa amemwoa Danuta, msichana aliyetoka Poland kuja kukata nyama kwenye machinjio ya mji wa jirani. Asubuhi matokeo yalipotangazwa, Danuta alikuwa jikoni anamenya viazi.

"Mama," akamwita mkwewe, "kwa hiyo mimi sasa ni mgeni?"

"Wewe? Wewe ni wetu. Hatukukusudia wewe."

Danuta alichukua kiazi kingine. Aliendelea kumenya, ila maganda yalikuwa manene kuliko siku zote. Winifred aliyaona yale maganda, akatoka kwenda kulisha mbwa waliokwisha kulishwa.

Miaka ikaenda. Malipo ya zamani, yale yaliyokuwa yakishikilia mashamba ya mlimani, yakaanza kupunguzwa mwaka baada ya mwaka. Mpango mpya wa serikali ukachelewa, ukaja, ukabadilishwa, ukaja tena na jina jingine. Wachinjaji wakarudi kwao, Poland na Romania, machinjio yakafungwa, na wanakondoo wetu wakawa wanasafiri saa nyingi kwenda kufa kwa wageni. Danuta alibaki. Ule ubao uling'olewa na upepo, na Winifred, asiyetupa mbao, aliupigilia misumari kuziba pengo la zizi, maandishi yakitazama ndani.

Ndipo Edwin akaingia mpango mpya. Unalipa, lakini unataka kondoo wapungue mlimani ili miti na majani marefu yarudi. Hakuwa na namna nyingine, na mama yake alilijua hilo. Vuli hiyo akaanza kuwachambua wa kuuza. Mzigo wa kwanza ulikwenda Winifred akiwa kitandani na kifua. Walikuwa majike wote wazee wa Genge la Juu, upande wetu wa miamba ulio juu ya kijito. Alipopata nguvu za kutoka nje akawakuta wa mzigo wa pili zizini: wazee vilevile, meno yamekwisha, mvi mpaka usoni, wamebanana kwenye ule ubao wake.

"Edwin! Hawa ndio unaowauza?"

"Ningeuza vijana, Mama? Wazee watakufa baridi hii au ijayo. Wale vijana wana miaka mingi ya kuzaa."

"Wana miaka ya kuzaa wapi? Nani atawaonyesha? Mwanangu, umeuza vichwa ukabakiza miguu!"

Edwin alifunga lango la zizi polepole, akajifuta mikono. Ni mtu mpole, lakini upole wake una mfupa ndani.

"Lori linakuja Jumatatu. Ukitaka nikusikilize habari ya kondoo, Mama, kwanza nisikie kwako neno moja. Tangu asubuhi ile ya viazi vya Danuta nalisubiri. Hukukosea hata kidogo? Sema basi hukukosea, na mimi nitawapakia. Kama ulikosea, useme pale ulipotuambia, mkutanoni mbele ya watu, na hawa nitawafungulia."

"Kondoo wamefanya kosa gani hata uwaadhibu?"

"Hawakufanya. Na Danuta alifanya kosa gani?"

Winifred akarudi ndani. Siku mbili alizunguka nyumba akigombana na birika. Lililomwuma halikuwa kuuzwa kwa kondoo tu. Alijua kwamba akinyamaza, majike aliowapata kwa kusimama mlimani mwaka wa maafa wataondoka, na yeye ndiye atakuwa amewafungulia lango. Na alijua kwamba akisema, hakuna atakayemwita mwamuzi tena kwa moyo uleule.

Jumamosi ikawa mkutano wa wachungaji. Asubuhi hurudishwa kondoo waliopotelea kwa majirani, mchana ni maonyesho, jioni ni chakula. Kwetu kondoo wa maonyesho hupakwa ngeu, udongo mwekundu, mgongo mzima, akawaka kama bwana harusi. Ni pambo la zamani na hakuna anayelikataza. Kazi ya mwamuzi ni kupitisha mkono chini ya ngeu na sufu mpaka mfupa. Tena mwamuzi hutoa sababu zake kwa sauti katikati ya uwanja, na mpaka amalize hakuna wa kumkata kauli.

Walipoingia majike wazee, wa Wilf Dargue alikuwa mzuri wa kutamanisha. Winifred akapitisha mkono. Mgongo ulikuwa kama msumeno.

"Kwa rangi nyekundu uliyommwagia, Wilf, huyu ameshabatizwa," alisema. Watu wakacheka.

"Macho yamekuingia ukungu, bibi we! Mtazame alivyosimama!"

"Nimemtazama. Sasa nimemshika."

Akampa nafasi ya mwisho. Ya kwanza akampa jike mmoja mbaya wa sura, sikio limechanika, lakini kiuno kizima. Kisha watu walipongoja sababu, yeye akasogea katikati ya uwanja, mkono wake mwekundu wa ngeu ukining'inia. Edwin alikuwa ukutani. Danuta alikuwa kando yake na chupa ya chai.

"Sababu zangu ni hizi," alisema Winifred. "Huyu wa Wilf ana rangi na hana nyama. Yule wa sikio ana nyama. Hayo mmezoea kuyasikia kwangu. Lakini kuna kondoo mwingine niliwahi kumhukumu mbele yenu, naye sikumshika. Masika ile ya kura. Aliletwa amepakwa ngeu kuanzia pembe hadi mkia, na mimi, Winifred Mawson, nilimtazama kwa macho nikampa utepe wa ushindi. Sasa nimekuwa naye miaka, nimemshika. Sitamwonea. Bei ya mwanakondoo mnadani haikuanguka, tena imepanda, na hilo ni kweli. Lakini malipo tuliyoambiwa yatabaki hayakubaki. Machinjio yamefungwa. Mikono iliyokuwa ikifanya kazi tumeifukuza kwa maneno yetu. Tuliambiwa tutajitawala; zamani ofisa alikuwa mbali hanijui, leo ofisa wetu wenyewe anakunywa chai yangu jikoni kwangu na kuniambia kondoo wangu wamezidi. Huyo ni mgongo mtupu. Niliwaambia ni mzima. Nilikosea."

Mbwa mmoja alibweka akanyamazishwa. Wilf alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu amekisahau humo.

"Winnie," alisema, "mimi nina kichwa changu. Nilipiga kura kwa mkono wangu."

"Uliuazima wangu."

"Basi uchukue mkono wako, umeshashika rangi." Na hapo ndipo watu walipoweza kucheka, ila kicheko kilikuwa kifupi.

Winifred akatoka uwanjani, akaenda ukutani, si kwa Edwin, kwa Danuta.

"Siku ile uliniuliza kitu, nami nikakujibu kama anayefukuza nzi."

"Nakumbuka, Mama."

"Ulikuwa umeelewa vizuri. Sikukufikiria. Ndilo kosa lenyewe."

Danuta alimmiminia chai. Kikombe kikafurika, chai ikamwagika kwenye viatu vya mama mkwe, na hakuna aliyesogea.

Jumatatu lori lilikuja. Edwin alilipakia majike wa makamo. Wazee waliokuwa zizini aliwafungulia, wakapanda mlima wenyewe kama watu wanaorudi nyumbani kutoka msibani. Lakini wale wa Genge la Juu walikuwa wameshakwenda. Neno la Winifred halikuwafikia kwa wakati, na upande ule ukabaki na vijana wasiojua kitu. Kabla ya wiki kwisha, Wilf alikuwa ameshawarudisha mara mbili kutoka ng'ambo ya kijito.

Winifred alisimama zizini, akashika ule ubao, akatazama mlima. Kisha akamwita mkwewe.

"Danuta. Magoti yangu yamekataa, na Edwin ana mashamba ya chini. Wale wa Genge la Juu hawana mama."

"Nimewaona, Mama."

"Utapanda nao asubuhi, utasimama nao hata mvua ikinyesha. Wakikaribia kijito, warudishe. Wakishuka kwenye ukuta, warudishe. Usiwapigie kelele, usimwachie mbwa akawakimbiza. Watakumbuka hofu badala ya majani. Ukiona theluji inatoka kaskazini, wapeleke nyuma ya lile jabali lililopasuka, ili siku moja waende wenyewe."

"Mpaka lini?"

"Mpaka wazae kule juu, na watoto wao wakae pao bila wewe kuwarudisha."

Danuta aliutazama mlima, ukungu ukiwa umeukata katikati. "Mimi sikuzaliwa huku, Mama. Nitawafundisha nini?"

"Na wao pia hawajui. Mimi nitakuwa hapa chini, nitakuonyesha kwa fimbo pa kugeukia. Vaa buti."

Danuta akavaa buti. Akamwita mbwa kwa Kipolandi, na mbwa akainuka.