Bosi, Shimo

Dereva hagusi gari lile kwa mkono mtupu. Kitambaa cha njano hakimtoki begani, na kila mteja anayefika Mkuza kulitazama huonyeshwa kwanza taa zake, nyembamba kama macho ya mtu anayesinzia, ndipo afunguliwe mlango. Humo ndani sauti ya dereva hushuka. Ngozi ya viti huisifu kwa kuipangusa, skrini pana huiwasha kwa ncha ya kitambaa, kisha hubonyeza kitufe na kiti cha nyuma kushoto kikaanza kukanda mgongo. Kiti hicho mwenyewe hajawahi kukikalia. Leo wanalijaribu kwenye barabara ya vumbi. Mteja yuko mbele, na Mwanaamina, mjane anayeliuza, yuko nyuma, kando ya kiti hicho kitupu.

“Pitisha tu,” mteja akasema. “Gari hii ina springi za hewa, haisikii shimo.”

Dereva akapunguza mwendo mpaka wakasimama. “Bosi, shimo,” akasema taratibu, macho kwenye kioo. Ndivyo alivyomwambia marehemu, mwenye kiti hicho, miaka yote, kwa ajili ya mgongo wake mbovu. Marehemu alikuwa akijibu, “Haya, twende,” ndipo breki iachiwe. Hata siku ile alipobebwa na gari hilohilo akiwa ndani ya sanda aliambiwa, shimo baada ya shimo, mpaka makaburini Mzenga, na hakukuwa na wa kujibu.

Mteja akageuka kutazama nyuma. Mguu wa dereva haukutoka kwenye breki. Mwanaamina akaweka kiganja juu ya kiti kitupu, ambacho kilikuwa bado kinakanda.

“Haya,” akasema. “Twende.”