Kidonge na Kamba

Kila mtu alimwita Brashi, hata mama mkwe wake. Alikuwa fundi rangi wa majengo marefu, mtu wa miaka hamsini na kitu, na madoa ya kucha zake mkewe alishachoka kuyasugua. Alifanya kazi na shemeji yake, kaka wa mkewe, juu ya jukwaa la mbao lililoning'inia ukutani kwa kamba mbili. Brashi alishika kamba ya upande huu, shemeji ya upande ule. Wakitaka kushuka walilegeza pamoja. Mmoja akikosea, jukwaa linainama na makopo yanatangulia chini. Mikanda ya usalama walikuwa nayo, ila hakuna aliyetamani kuijaribu.

Kisukari alikuwa nacho siku nyingi, amekizoea kama mtu anavyozoea jirani mkorofi. Kilichomvuruga ni maneno ya daktari wa kliniki, mama mmoja mpole.

"Mzee wangu, figo zimeanza kuchoka. Kuna dawa mpya, inashusha sukari na inazilinda figo. Utaitumia pamoja na ile ya zamani."

"Ina madhara?"

"Dawa gani haina? Utakojoa sana, kwa hiyo kunywa maji. Ukisimama ghafla unaweza kupata kizunguzungu. Na kwa vile zitakuwa mbili, sukari inaweza kushuka mno. Ukiona unatetemeka, jasho la baridi linakutoka, kunywa kitu kitamu upesi. Ukitapika au ukishindwa kula, iache uje haraka. Kazi yako ni nini?"

"Napaka rangi."

Hakusema anapaka wapi. Aliogopa kukatazwa kupanda, na kazi za rangi za chini zina vijana tele.

Nyumbani aliiweka pakiti kitandani, akaikodolea macho. Mkewe akamkuta hivyo.

"Pakiti inakuuma?"

"Nikimeza, naanguka. Nisipomeza, nafungwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Kaka yangu ulimwona alivyoishia."

Mkewe akakaa, utani ukamwisha. "Basi mwambie kaka yangu. Yeye ndiye uko naye huko juu."

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Alimeza, akaenda kazini, kila upepo ukipita anajisikiliza: hiki ni kizunguzungu, au ni woga tu? Siku za kwanza kilichomsumbua ni haja ndogo. Walipanda na kushuka, wakapanda na kushuka.

"Shem, leo umemeza bomba?" shemeji alicheka. Brashi naye akacheka, midomo mikavu.

Kisha ikaja asubuhi aliyoondoka bila kula vizuri, maana hofu ilikuwa imemwondolea hamu. Walikuwa ghorofa ya tano, jua kali. Ghafla jasho likamtoka, baridi kama maji ya mtungi. Vidole vikacheza. Brashi ya kupakia ikamponyoka. Akaitazama ikizunguka hewani, akaona kama inachukua mwaka kufika chini. Alitaka kusema, ulimi ukakataa.

"Shem? Shemeji, unanisikia?"

Shemeji alifunga kamba yake, akatambaa juu ya ubao mpaka upande wa pili, akakagua fundo la Brashi na kumkamata mkanda. Kwa mkono wa pili akafungua soda aliyojiwekea mwenyewe, akamnywesha kidogo kidogo huku akigonga kioo cha dirisha kwa kiwiko. Dada mmoja wa ofisini akafungua, akapiga yowe, kisha akasaidia kumvuta ndani.

Fahamu zilipomtulia, Brashi alimwona shemeji amekaa sakafuni, anatetemeka kumzidi yeye.

"Tangu lini?" shemeji aliuliza. Brashi akamweleza yote. "Yaani ulijua, ukanipandisha huko juu, mimi mwenye watoto wanne?"

Shemeji hakumtukana, na hilo lilimuuma Brashi kuliko tusi.

Walikwenda kliniki pamoja. Daktari aliposikia habari ya jukwaa alivua miwani.

"Ungeniambia, ile ya zamani ningeipunguza tangu mwanzo. Na mimi ningekuuliza vizuri." Akaipunguza nusu, ile mpya akaiacha vilevile. "Figo zako zinaihitaji. Usipande kwanza. Pima sukari kila asubuhi, na usiondoke nyumbani na njaa."

"Haitanirudia tena?"

"Siwezi kukuapia, mzee wangu. Naweza kukuambia tu kwamba hatari imepungua."

Kwa wiki kadhaa alipaka ngazi na korido. Vipimo vikatulia, figo hazikuwa zimeharibika zaidi. Daktari akamruhusu kujaribu tena, na shemeji akakubali kupanda naye, ila alikagua kipimo chake cha sukari kwanza. Walifika ghorofa ya pili tu. Sukari ilikuwa nzuri, kichwa kimetulia, lakini mikono ya Brashi iliikumbatia kamba na haikutaka kuiachia.

"Tushuke, shem," alisema. "Tafuta mwenzako mwingine."

"Una hakika?"

"Sina. Tushuke tu."

Siku hizi anapaka vyumba vya ndani, na malipo yake ni ya kuombea yatoshe. Kidonge anakimeza kila asubuhi baada ya chai na kipande cha mkate, amekaa, mkono mmoja umeshika ukingo wa meza. Kisha anasubiri kidogo kabla ya kusimama.